Protini ya Wifi

Wivu ninao, sikatai, na anayesema hana akapimwe. Wangu ulikuwa na sababu. Nilikuwa na kazi niliyoipenda ambayo haikunipenda, halafu akaja wifi yangu akaigusa mara moja tu, ikamwitikia.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kila seli ya mwili kuna uzi wa DNA, mrefu mno, ulioandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa. Kwenye uzi huo ndiko ziliko jeni, na jeni nyingi haziwaki zenyewe, zina protini zake za kuziwasha. Protini ya namna hiyo hupita juu ya uzi ikipapasa, kama mtu aliyeingia chumba chenye giza anavyopapasa ukuta akitafuta swichi, mpaka ifike penye herufi zake. Hapo haipiti tena. Inashika, na ikishika, jeni iliyo jirani inawaka. Maabara yetu ilikuwa na protini moja ya aina hiyo, yenye vidole vitatu. Tunaviita vidole kwa sababu ndivyo inavyovitumia: kila kimoja kinaingia kwenye mfereji wa uzi na kusoma herufi tatu hivi. Watu wote ghorofani waliamini kwamba ndiyo inayowasha jeni fulani ya kongosho. Kuamini ni bure. Kuonyesha kwamba inashika kweli, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Unaonyeshaje? Unachukua kipande kifupi cha DNA chenye zile herufi, unakitia rangi inayong'aa, unakichanganya na protini, kisha unavipitisha ndani ya jeli kwa nguvu ya umeme. Kipande kilicho peke yake hukimbia mpaka chini. Kilichoshikwa na protini kinaburuta mzigo, kwa hiyo kinachelewa, kinabaki juu. Ukipiga picha unaona mstari wa chini na mstari wa juu. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa naona mstari wa chini tu. Mzuri kweli, mnyoofu, ungedhani umechorwa kwa rula. Lakini wa chini.

Mkuu wa maabara tunamwita Mzee Barafu, kwa kuwa akiona kichupa kimekaa mezani bila barafu hupiga kelele mpaka walioko ngazini wanasikia. Alikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mtu kusomea shahada ya uzamivu, na alishasema mbele ya watu wote kwamba atakayeuona mstari wa juu ndiye atakayekwenda. Alisema hivyo akijua hakuna mwingine anayeutafuta isipokuwa mimi. Nafasi ilikuwa yangu, bado kukabidhiwa tu.

Mimi pale wananiita Mama Usafi. Si kwa kufagia. Protini huzalishwa ndani ya bakteria, na ukishawapasua bakteria unapata uji uliojaa kila takataka. Unaupitisha kwenye mrija wenye punje za nikeli, protini yako inanasa, taka zinapita, halafu unaitoa. Wengine huishia hapo. Mimi siishii hapo. Nikeli hudondoka kidogo ikatoka pamoja na protini, na kwangu huo ni uchafu. Kwa hiyo niliitia kwenye kifuko chembamba, nikakizamisha kwenye birika la maji ya chumvi mpaka kesho yake, na ndani ya maji nikatia dawa ya kunyakua madini. Protini yangu ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote jengo zima. Namna ya kuisafisha niliiweka kichwani mwangu, na kichwa nikakifunga.

Basi wifi akaja. Ni mdogo wake mume wangu, kitindamimba wao, ametoka kumaliza shahada yake ya kwanza, na katika maabara zote duniani akapata kujifunza kazi kwetu. Akafikia nyumbani kwetu pia. Mume wangu alimpokea mlangoni, akachukua sanduku, akanigeukia kwa furaha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

"Mwenyeji haumwi," nikamjibu.

Walicheka wote wawili, wakidhani natania. Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo hivyo. Yeye humwita kaka yake Kibogoyo, eti kwa sababu ya meno yaliyomtoka zamani, na kila akilitaja jina hilo mume wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nimeishi naye miaka sikuwahi kuambiwa habari ya hayo meno. Nilikuwa nakaa mezani kwangu, na kikombe changu mkononi, nikijiona ndiye niliyekuja kutembea.

Kazini, Mzee Barafu akaniambia, "Mama Usafi, mpe mtoto kitu cha kujifunzia."

Siku hiyo nilikuwa natoa protini kwenye mrija. Yenye nguvu hutoka mwanzo, inayofuata ni nyepesi, na mwisho kabisa hutoka maji maji ambayo mtu mwenye akili zake humwaga kwenye sinki. Nilichukua hayo ya mwisho, mkia mtupu, nikamtilia kwenye kichupa.

"Hii inatosha kujifunzia kupima," nikamwambia.

Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, wifi. Nitaitunza."

Nilicheka moyoni. Mtu anatunza maji ya kuoshea.

"Na ile ya kusafisha kwenye kifuko," akauliza, "nayo utanifundisha?"

"Ukikomaa."

Hakununa. Hilo nalo ni tatizo lake, hanuni. Mtu ukimkata jicho naye akakukata, mnakuwa sawa, siku inapita. Huyu ukimkata jicho anakuuliza kama umekunywa chai. Baadaye nikamwona anakuza bakteria wake mwenyewe kwenye chupa, anahangaika nao huko, nikajitia hamnazo.

Asubuhi moja natoka kunywa chai, nikasikia vigelegele kwenye chumba cha kamera. Pale hapapigwi vigelegele. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye kompyuta moja na kiti kimoja kibovu. Nilikuta watu wamejazana, na Mzee Barafu, ambaye kutabasamu kwake ni kwa msimu, anatabasamu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha ya jeli. Mstari wa chini upo. Na juu yake, mnene, unang'aa, mstari wa juu.

"Wifi!" akaniita, anarukaruka kama mtoto. "Wifi, njoo uone!"

Niliona. Roho iliniuma. Sikuifurahia sayansi wala maendeleo ya binadamu. Nilichofikiria ni miaka yangu miwili, vifuko vyangu, mikono yangu iliyopauka kwa maji baridi, na huyu amekuja juzi na sanduku lake. Nikasema hongera.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekwishamsimulia hata mama yake kwenye simu.

"Kumbe si kitu kigumu sana!" akasema, anamimina chai. "Sasa mbona wewe siku zote..."

Nadhani aliona uso wangu. Wifi akaingilia haraka, akasema, "Kaka, wewe hujui kitu, kunywa chai yako." Kunitetea mimi, ndani ya nyumba yangu, mbele ya mume wangu! Nilitia sukari mara mbili, nikainywa vivyo hivyo.

Kesho yake kwenye kikao nikanyoosha mkono.

"Protini chafu hushika chochote," nikasema. "Picha moja haisemi kitu. Ifanyiwe mtihani wa ushindani."

"Ni chafu kidogo tu," akasema Mzee Barafu, kwa upole.

Upole! Ingekuwa yangu chafu hivyo angenivunjia mlango. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Mtihani wa ushindani naupenda. Ni mtihani wa mtu mwenye wivu. Unaiwekea protini vipande vingi sana vya DNA yenye herufi zilezile, ila visivyo na rangi. Kama kweli inazijua herufi zake, itavishika hivyo, kwa kuwa ndivyo vingi, na mstari wa juu utatoweka. Halafu mara ya pili unaiwekea vipande vingi vilevile, lakini herufi mbili umezibadilisha. Sasa hapo ndipo tabia inapojulikana. Protini yenye msimamo haivigeukii hata viwe vingi namna gani, inabaki na kipande chake chenye rangi, na mstari unabaki pale pale. Protini ya ovyo inakwenda na yeyote aliye karibu, na mstari unapotea.

"Na ikifaulu?" Mzee Barafu akaniuliza.

"Ikifaulu nitampigia makofi mimi mwenyewe."

Nilimsimamia begani tangu anapochanganya mpaka anapowasha umeme. Nilitafuta kosa, sikuliona. Ana mkono mwepesi, hatetemeki, na akimaliza kila hatua anafuta meza. Tulipokuwa tunasubiri jeli ikimbie alinivutia kiti.

"Kaa, wifi, miguu itakuuma."

"Haiumi."

Ilikuwa inauma. Nikasimama hivyo hivyo, nimejikaza kisabuni.

Picha ikatoka. Njia ya kwanza ya jeli, isiyo na washindani, mstari wa juu upo. Njia ya pili, penye vipande halisi, hakuna kitu. Njia ya tatu, penye herufi mbili zilizobadilishwa, mstari uko pale pale, haukutikisika. Protini ilijua mahali pake. Niliitazama kwa muda mrefu, maana sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na hakikuwa changu.

Nikapiga makofi. Nilisema nitapiga, nikapiga. Kisha nikamwuliza swali lililokuwa linaniwasha.

"Umeisafishaje?"

"Sijaisafisha," akasema. "Ni ile ile uliyonipa."

"Ipi?"

"Ile ya mwisho wa mrija, wifi. Bakteria wangu waligoma kukua, sikupata kitu. Nikaitumia ile ya kwako. Si unaona?"

Akakitoa kichupa kwenye barafu, akanionyesha. Ubavuni ameandika kwa kalamu ya wino mweusi, herufi zake za kishule: Protini ya wifi. Alidhani najua. Siku zote alidhani ninajua kwamba ni yangu.

Watu wakacheka, Mzee Barafu akapiga meza. "Kumbe ni mkia wa Mama Usafi!" Akacheka mpaka akafuta macho, halafu akarudi kwenye ukali wake. "Sasa sikilizeni. Humo kimebaki tone. Siwezi kumpeleka mtu kusoma kwa tone la mkia. Mama Usafi, mfundishe huo usafi wako, wote, usimfiche kitu. Mtengeneze mpya, kuanzia bakteria mpaka kwenye kifuko. Ikishika tena, nafasi ni yake. Isiposhika, ilikuwa bahati ya mgeni, na mambo yatabaki yalivyokuwa."

Aliposema yalivyokuwa alinitazama mimi, kwa huruma. Nilikwenda kwenye sinki nikaanza kuosha birika ambalo lilikuwa safi.

Pale kwenye sinki ndipo akili iliponifunguka. Protini ile na yangu zilitoka kwa bakteria wale wale, siku moja, mrija mmoja. Mwili nikautia kwenye kifuko changu, mkia nikampa yeye. Mwili ukafa, mkia ukaishi. Tofauti yake ni nini? Ni kifuko. Na ndani ya maji ya kifuko kuna nini? Dawa yangu.

Vile vidole vitatu havisimami vyenyewe. Kila kimoja kina punje moja ya zinki katikati, ndiyo inayokishikilia kikae umbo la kidole. Zinki ni madini. Dawa yangu inanyakua madini. Haikuuliza hii ni nikeli ya uchafu au hii ni zinki ya watu. Ilikomba vyote. Nilikuwa nafua shati mpaka vifungo vinang'oka, halafu nashangaa kwa nini halifungiki. Miaka miwili nilichukua protini nzima, nikaivunja vidole kwa mikono yangu, nikaitia kwenye jeli na kuilaumu kwamba haishiki. Na zinki mwanafunzi yeyote anaijua. Mimi naijua. Niliijua tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nimelewa usafi.

Halafu likaja la pili, chungu zaidi. Kama siku ile ya kwanza ningemfundisha wifi kusafisha kama alivyoniomba, naye angeiua. Asingekuwa na mstari wa juu wala wa katikati. Choyo changu ndicho kilichompa. Nilijipalia makaa mwenyewe, kwa koleo langu.

La tatu sikulitafuta, lilikuja lenyewe, nikiwa bado nimeshika birika. Mzee Barafu ameniamuru nimfundishe usafi wangu wote, nisimfiche kitu. Sawa. Nimfundishe. Kila hatua, kwa uaminifu, na dawa ndani. Protini yake itakufa kwenye kifuko kama zangu zote. Mstari wa chini, mnyoofu. Mambo yatabaki yalivyokuwa, na nafasi ni yangu. Hakuna atakayenilaumu. Sihitaji hata kusema uongo. Baadaye, nikiwa peke yangu, nitaigundua hiyo habari ya zinki taratibu, na kila mtu atanisifu.

Jioni, mume wangu alinifuata jikoni ninakosuuza vikombe.

"Utamfundisha vizuri lakini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Najua si rahisi kwako."

"Nitamfundisha kama ninavyofanya mwenyewe."

"Ndiyo maana nakupenda, mke wangu."

Alinibusu kwenye kisogo akaenda zake. Nilisimama pale mpaka maji yakafurika kwenye beseni.

Tukaanza. Nitajisifu kidogo, mimi ni mwalimu mzuri nikitaka. Nilimwonyesha joto ambalo bakteria wanalitaka ili wasigome. Nilimwonyesha kuwapasua ndani ya barafu, kidogo kidogo, protini isichemke. Nilimwonyesha jinsi ya kuuosha mrija mpaka taka zote ziishe. Alikuwa anasimama karibu sana nami, anashika kila nilichoshika, anasema "eeh" na "kumbe," na mara mbili nilijikuta nachekea jambo alilosema, nikajirudi haraka. Protini ilipotoka kwenye mrija ilikuwa nyingi na angavu. Mwenye macho aliiona kwamba ni bora kuliko zangu zote.

Tukaitia kwenye kifuko, tukabana ncha zote mbili. Birika lipo, maji ya chumvi yapo, baridi. Nikainua mkono nikaitoa chupa ya dawa kabatini, nikaiweka mezani mbele yake.

"Na hii?"

"Hii ndiyo ya kunyakua madini."

Akafungua kifuniko. "Kiasi gani, wifi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nimelisema moyoni mara nyingi sana, ni kiasi kile kile siku zote. Nilimtazama yeye, nikaona shingo yake ilivyoinama, na zile nywele anazofunga kwa mpira wa glovu, na sikuona huruma. Niseme ukweli, sikuona huruma hata chembe. Bado nilikuwa namwonea kijicho cha waziwazi, mikono yake, umri wake, Kibogoyo wake. Angekuwa ni yeye tu, ningemtajia kiasi.

Lakini nikaangalia kifuko. Kilikuwa kimelala kwenye kiganja chake, kimejaa, na humo ndani ilikuwepo ile protini. Nilijua kitakachotokea. Kidole cha kwanza kitalegea, cha pili, cha tatu. Nilishaifanyia hivyo mara nyingi bila kujua, na kwa kutojua mtu anasamehewa. Leo ningekuwa najua. Na protini ile ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake. Mimi ndiye niliyeikuza, niliyeihangaikia wakati hakuna anayeitaka, niliyeitukana na kuibembeleza. Wifi ningeweza kumwangusha. Ile nilishindwa.

"Usitie," nikasema.

"Nitie ngapi?"

"Nimesema usitie kabisa. Funga hiyo chupa, rudisha kabatini."

"Lakini wewe huwa unatia."

"Mimi huwa nakosea."

Alisimama na kifuniko mkononi. Nikamwambia yote kwa maneno machache, zinki, vidole, dawa. Anaelewa upesi, sikulazimika kurudia. Niliona anavyolihesabu jambo lenyewe usoni, mpaka akafika kwenye ile miaka miwili, na macho yakamjaa machozi.

"Wifi," akasema, "twende tukamwambie Mzee sasa hivi. Wewe ndiye uliyegundua. Nafasi ni yako."

"Zamisha kifuko. Na usinililie kwenye protini."

Akazamisha. Baada ya muda akauliza, hakuniangalia, "Kwa nini umeniambia?"

"Si kwa ajili yako," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli.

Picha ya protini mpya ilitoka nzuri kuliko ya kwanza. Mstari wa juu ulikuwa mnene, umejaa, na mtihani wa ushindani ukapita wote. Chumba cha kamera kikajaa tena. Mzee Barafu akamshika wifi mkono, akampa nafasi pale pale, kwa sauti ya kikao. Halafu akakuna kichwa.

"Sasa zile za miaka miwili zilikuwa na nini?"

Wifi akaruka haraka. "Labda bakteria wa zamani walikuwa wamechoka, Mzee. Au ile friza ilipoharibika..."

Alikuwa ananisitiri. Alikuwa ameshachukua nafasi yangu, mume wangu anacheka kwa vichekesho vyake, na sasa ananipa na sadaka juu yake. Mengine yote nilikuwa nimeyameza. Hilo lilinishinda.

"Nyamaza wewe," nikasema. "Zilikuwa na mimi. Nilikuwa natia dawa ya kunyakua madini kwenye protini ya zinki. Miaka miwili. Huo mkia ulipona kwa sababu sikumfundisha huyu."

Hakuna aliyecheka.

"Nafasi ni moja, Mama Usafi," akasema Mzee Barafu, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Najua ni moja, Mzee."

Siku ya safari mume wangu alilia getini bila aibu, na wifi naye akalia, wakaitana Kibogoyo na Kitinda huku kamasi zinawatoka. Mimi sikulia. Nilibeba sanduku mpaka kwenye gari, na nikalionea wivu hata sanduku lenyewe, kwa kuwa linakwenda. Alinikumbatia. Nikamwambia huko aendako asisahau barafu.

Jumatatu nikafungua friza ya maabara. Alikuwa ameipanga yote kabla ya kuondoka. Safu nzima ya vichupa, protini mpya, vimepangwa vizuri, na kila kimoja ubavuni kimeandikwa kwa zile herufi zake za kishule: Protini ya wifi. Nilichukua kimoja. Nikakichanganya na kipande changu cha DNA, nikakipitisha kwenye jeli, nikakaa kwenye kile kiti alichonivutia, nikasubiri.

Niliipiga picha mwenyewe. Mstari wa chini ulikuwepo, mnyoofu kama kawaida yangu. Na juu yake ulikuwepo wa juu, unang'aa, umetoka mikononi mwangu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile. Chumba kilikuwa kimya. Nikageuka mlangoni, nimeshafungua mdomo.

"Wifi, njoo uone," nikaita, kabla sijakumbuka.